Maswali Kumi Niliyokujibia

Mpendwa mdogo wangu Clarisse,

Leo ni wiki tano na siku mbili tangu uondoke. Mwanao Merveille ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua, popote ulipo, ndilo unalotaka kusikia kabla ya lingine lolote. Namlea mimi kwa sasa, anakunywa chupa yake bila ugomvi, mashavu yamejaa, anakohoa kidogo asubuhi kwa baridi hii ya mwezi wa saba na vumbi lake. Jumanne nilimweka kwenye mizani, na muuguzi aliyekuwa anaandika akacheka, akasema mtoto huyu anakula kama mfanyakazi wa mgodini. Nilicheka pia. Halafu nikaenda chooni nikalia, kwa sababu wewe ndiye uliyepaswa kumshika.

Barua hii naiacha wazi. Itasomwa kwenye kikundi cha akina mama parokiani, na nimeituma kwenye simu za watu waipitishe kwa watu wengine, maana simu yako uliiacha mezani na sijui unashika ya nani. Shangazi yetu amenikasirikia. Anasema naanika aibu ya nyumba. Nimemjibu vibaya, na unajua nikianza kujibu vibaya sina breki. Aibu ya nani? Kama ipo, ni yangu, na ndiyo maana ninaandika. Nataka urudi ukiwa hai, Clarisse. Hilo ndilo ninalolitaka, mengine yote yatapata nafasi yake. Lakini kabla hujarudi lazima ujue nilichokufanyia kwa kalamu siku ile ya Alhamisi, ukiwa umekaa mbele yangu.

Nivumilie nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka siku ya chanjo shuleni? Ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mitatu. Baba alikuwa safarini na treni upande wa kaskazini, mama alikuwa shambani, kwa hiyo mimi ndiye niliyekushika mkono. Muuguzi alikuwa mama mnene mwenye saa kifuani. Akakuuliza, "Jina yako nani?" Nikajibu mimi. "Uko na miaka ngapi?" Nikajibu mimi. Akakuchoma sindano, akauliza, "Inauma?" Nikasema, "Haiumi, huyu mutoto iko nguvu." Yule mama akanitazama juu ya miwani yake. "Niko nauliza yeye, haiko weye." Ukaangua kicheko, na darasa zima likacheka. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kwenye sherehe za ukoo, na wewe ulikuwa unacheka kuliko wote. Sikuwahi kukuuliza kama iliuma.

Mama alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Tokea hapo kila aliyekuwa na swali juu yako alilileta kwangu, na mimi sikuwahi kukosa jibu. Mwalimu mkuu alipouliza utasoma nini, nilisema ushonaji, ukaishia kupamba kumbi za harusi kule Karavia kwa matajiri, na ukaipenda kazi hiyo kwa ukaidi tu. Ndugu za Trésor walipokuja kukuposa na mbuzi na vitambaa, wazee walikugeukia wewe kama ilivyo desturi, kwa sababu msichana ndiye anayesema wapokee au wasipokee. Ulikuwa umepiga magoti, umeinamisha kichwa. Nikaona unakawia. Nikasema, "Anakubali, eko na haya tu." Watu wakapiga vigelegele. Nakumbuka uliinua macho ukaniangalia, kisha ukatabasamu. Unampenda Trésor, hilo najua. Au nadhani najua. Unaona jinsi ninavyoandika? Hata sasa mkono wangu unataka kukumalizia sentensi.

Sasa kazi yangu. Mimi ni mkunga kwa mwaka wa kumi na mbili. Nilipoanza, mwanamke alilazwa chali na kuambiwa anyamaze, mama yake akakaa nje ukutani na beseni, na mtoto akizaliwa alichukuliwa kwenda kuoshwa kana kwamba ni mali ya kituo. Leo mama anachagua mwenyewe kuchuchumaa au kulala ubavu. Mtu wake yumo ndani anamsugua mgongo. Mtoto anawekwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kabla hatujamfuta vizuri. Siku ya tatu tunampigia mama simu kuuliza joto, damu, maziwa. Mabadiliko hayo niliyapokea mapema kuliko wenzangu, nikawafundisha wanafunzi, nikajiona mtu wa kisasa.

Halafu akaja Ilunga. Wewe ulimwona, yule kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi, anayeongea taratibu mpaka unataka kumsukuma. Ni muuguzi wa afya ya akili. Zamani watu wa kazi yake ulikuwa unawakuta sehemu moja tu, huko wanakopelekwa waliovua nguo barabarani. Sasa wanawekwa kwenye vituo vya kawaida kama chetu, hapa Annexe pembezoni mwa mji, chumba cha pili baada ya chanjo. Alileta karatasi tunayoiita fishi, yenye maswali kumi, ya kuulizwa kila mama wiki ya sita baada ya kuzaa. Siku hizi saba zilizopita umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Unakosa usingizi hata mtoto akilala? Yanakwenda hivyo mpaka la kumi, linalouliza kama wazo la kujidhuru limemjia. Sheria za fishi ni mbili tu. Mama anajibu mwenyewe, peke yake, mlango umefungwa. Na muuguzi mwenye undugu naye asimshike.

Siku ya mafunzo tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamwambia kama namwambia mtoto, "Petit, bamama ba huku banakufa na kazi, mawazo ni ya bantu ba Karavia." Akanijibu bila kukasirika, "Sawa, Madame Odile. Basi batajibu hapana, na hakuna kintu tutapoteza."

Wiki chache baadaye tulikuwa tumeshajifunza njia ya mkato. Mama anaingia na mama mkwe wake, mlango wazi, foleni inapiga kelele. Tunauliza mawili matatu tukiwa tunafunga bendeji ya mwingine. Unalala muzuri? Mama mkwe anajibu, "Analala sana." Weka alama. Swali la kumi hatukulitamka kabisa. Nani atamuuliza mzazi habari za kifo chumbani mwenye mtoto mchanga? Tulijiandikia hapana, tukageuza karatasi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona kuwa ni uongo. Tuliona ni adabu.

Kuna na lile la ndugu, unalijua. Kwetu ndugu wa muuguzi hapangi foleni, wala hashikwi na mkono mwingine. Ningekuachia mkunga mwingine, ukoo mzima ungesema nimekutupa. Na wewe mwenyewe uchungu ulipokuanza uliniambia kwenye simu, ukiniita kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, "Yaya, usiniachie bantu bengine." Nikaja na pikipiki, sare juu ya nguo za nyumbani, kiatu kimoja hakijafungwa.

Siku ile nitaikumbuka mpaka kufa kwangu. Ulikataa kitanda. Ulishika dirisha kwa mikono miwili, ukawa unanitukana kwa Kiluba cha bibi, matusi ambayo sikujua kama unayajua, na mimi nikawa nacheka nyuma yako huku nakusugua kiuno. Merveille alitoka saa nne asubuhi, ameukunja uso kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Nilimweka kifuani kwako. Ukamtazama muda mrefu. Ukasema, "Yaya, anafanana na mutu ambaye simujui." Wote chumbani tukacheka, na mimi nikasema, "Utamujua tu." Ulikuwa hucheki. Hilo nimeliona juzi, nilipokuwa nasafisha chupa, wiki kumi na moja baadaye.

Na sasa ile Alhamisi ya wiki ya sita.

Ulikuja na Mama Trésor, mama mkwe wako, amembeba mtoto mgongoni yeye. Foleni ilifika mpaka kwenye bomba la maji. Nikakuonyesha kwa kichwa mlango wa pembeni, ukapita, wanawake wakanung'unika, mimi nikawajibu. Ilunga alikuwa amesimama pale. Akaninyooshea mkono. "Madame Odile, ule ni mudogo yako. Unipatie miye ile fishi, nitaongea naye." Nikamwambia, tena kwa sauti ili wote wasikie, "Uyu nimemulea na hii mikono. Namujua kuliko weye utamujua miaka kumi." Akarudisha mkono wake. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cha kijani, mikono juu ya magoti.

Nilijaza yote kumi bila kukuuliza hata moja. Unacheka? Ndiyo, Clarisse anacheka tokea asubuhi. Unajilaumu? Hapana. Unalala? Nikaandika unalala. Sikukutazama machoni, ambako kila mwenye macho angeona hulali. Swali la kumi nililiwekea alama nikiwa naongea na Mama Trésor kuhusu kitovu cha mtoto. Chini nikaandika jumla: sifuri, yaani hakuna tatizo. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kitambaa kiunoni. Wewe ulikuwa unaiangalia kalamu yangu. Nilipomaliza ukasema polepole, "Yaya, minatakaka kukuambia kintu."

"Dimanche," nikasema. "Nitakuya kwa nyumba, tutaongea."

Ukasema sawa.

Jumapili nilikuja. Ulikuwa umepika bukari ya mahindi, samaki na majani ya sombe, nyumba imefagiliwa, umechekesha wote mezani kwa habari ya bwana harusi aliyelala kwenye kiti cha heshima. Mama Trésor hakutoka chumbani hata dakika moja, na mimi sikumwambia atupishe. Ulinionyesha nguo za mtoto, umezikunja mafungu matatu: za sasa, za miezi mitatu, za miezi sita. Nikakusifu. "Ona mudogo yangu, anakuwa mama wa mpango!" Ukanipa na kitabu cha kliniki cha Merveille. "Bakia nayo, Yaya. Weye njo unajuaka." Nikakitia kwenye mkoba nikiwa na furaha ya mtu aliyeaminiwa. Miaka kumi na miwili ya kazi, Clarisse, mkunga anayefundisha wengine, na sikuona mtu anayeaga.

Ulinisindikiza kando ya mashina makavu ya mahindi mpaka barabarani. Pikipiki ilipokuja ulinishika mkono wa sweta. Nikasema, "Rudia, mutoto atalia." Ukaachia, ukarudi.

Jumanne asubuhi Mama Trésor alinipigia. "Odile, muke ya Trésor haiko. Mutoto iko hapa juu ya kitanda, simu iko juu ya meza, yeye haiko." Nilikuwa nimeshika mkono wa mama mwingine anayesukuma. Sikuweza kuuachia. Dakika ishirini nilimhimiza mwanamke mwingine aishi.

Tulikutafuta. Muuza mboga za lengalenga upande wa Luano alisema ameona dada mwenye kitambaa cha kijani anatembea kando ya ukuta wa uwanja wa ndege, hana mkoba. Trésor na mimi tukaufuata ukuta ule mpaka unapoishia porini, tukiita jina lako, na ndege moja ikashuka juu yetu tusisikiane. Tukaenda hospitalini, tukaenda polisi. Siku ya tatu tulipelekwa kwenye chumba cha maiti, kwa sababu ameletwa mwanamke kijana asiyejulikana. Trésor alishindwa kuingia. Niliingia mimi. Yule mfanyakazi aliuliza, "Ni yeye?" na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikosa jibu, nikabaki nimeinama juu ya miguu ya mtu. Haikuwa miguu yako. Nilifurahi, Clarisse. Nilifurahi mbele ya maiti ya dada wa mtu mwingine, na aibu hiyo bado ninayo.

Ndugu za Trésor wamekaa vikao. Mjomba wake mmoja anasema, "Muke anaacha mutoto wa kunyonya, ile haiko ugonjwa, ni mambo ya kiroho." Wanataka ukipatikana upelekwe moja kwa moja kwenye chumba cha maombi, ufungiwe, ufunge kula. Nimewaambia atakayekugusa atanipitia mimi kwanza, na unajua sisemi hivyo kwa mzaha. Mwishoni mwa kikao Trésor akasema, "Alikuwa halale. Kila siku. Miye nilifikiri ni juu ya mutoto." Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa nakuja kwenye ile karatasi. Mama akipotea namna hiyo, kituo kinafanya kikao na kufungua faili yake. Ilunga aliitoa fishi yako akaiweka mbele yangu. Kumi, zote safi, kwa mwandiko wangu. Muuguzi mkuu wetu aliniita pembeni. Si mtu mbaya, anatulinda. Akasema, "Odile, andika mu raporo kama mama alificha. Bantu banafichaka. Fishi iko zero, haiko kosa yako." Akaendelea, "Ukiandika ingine, batakuondoa kwa bamama. Na ile kazi ya Ilunga batafunga, batasema inaleta matatizo tu. Ufikirie na bale bengine."

Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Sitakudanganya, nilitaka kuandika. Sentensi yenyewe ni fupi: mhusika alificha hali yake. Nani angebisha? Wewe hukuwepo. Nilishaichukua kalamu. Na kulikuwa na sababu nzuri, kuna wanawake ambao Ilunga ameshawasaidia. Nimemwona mama mmoja aliyekuwa hamtazami mtoto wake, sasa anambeba sokoni anagombana na wauzaji. Kwa nini wote wapoteze chumba kile kwa ajili ya kosa langu?

Nikamfuata Ilunga. Nikamwambia, "Nikisema kweli, nitakuangusha na weye." Alikuwa anakunja mashuka ya kitanda chake cha uchunguzi. Akasema, "Madame, kama tunaandika yeye alificha, siku atarudia, nani atamuamini?"

Basi nikaandika. Niliandika kwamba Clarisse hakuulizwa. Kwamba alitaka kusema, na mimi, dada yake na mkunga wake, nikamwambia asubiri Jumapili. Nikatia sahihi. Siku ya pili nilitolewa kwenye chumba cha akina mama, nikapewa kazi ya vidonda. Nafunga bendeji za wachimbaji wanaokuja na vidole vilivyopondwa. Wenzangu wengine hawanisalimii, kwa sababu kila mmoja ana droo yake iliyojaa fishi za sifuri, na sasa zote zinafunguliwa upya. Wanawapigia wale akina mama mmoja mmoja, waje, mlango ufungwe. Wawili wameshajibu ndiyo kwa swali la kumi. Wawili, Clarisse, ambao sisi tuliwaandikia hapana. Chumba cha Ilunga bado kipo. Kwa muda gani, sijui.

Alhamisi iliyopita saa sita mchana, simu yangu iliita, namba siijui. Nilikuwa na Merveille mapajani. Nikasema allô. Kimya. Nikasikia pumzi. Nimelala kitanda kimoja na pumzi hiyo miaka mingi, hainipotei. Na nilifanya nini? Nilisema, "Clarisse? Ni weye. Uko muzima, najua uko muzima. Unakulaka? Unakula tu. Usiogope, Trésor hana kasirani, hakuna mutu iko na kasirani, mutoto iko muzuri, utarudia, najua utarudia, wiki hii utarudia..." Nilizungumza mpaka simu ikakatika. Nikaitazama mkononi. Ulikuwa umevuka sijui vikwazo gani kuitafuta simu hiyo, na mimi nilikuuliza na kukujibia tena, yote, kama siku ya chanjo.

Nilipiga ile namba. Akashika mwanamke anayeuza vocha kando ya barabara ya kwenda Likasi. "Ule dada alishaenda," akasema. "Alikuwa nalia, ata neno moja hakusema." Jumamosi Trésor na mimi tulikwenda huko, tukatembea toka duka mpaka duka tukionyesha picha yako. Mwanamke yule alikukumbuka kwa macho. Alisema umekonda.

Kwa hiyo sikiliza, na kama mtu anakusomea hii, mwambie asiharakishe. Unachougua kina jina, sonona ya baada ya kuzaa, na kinatibika. Nimekisoma sasa, kitu nilichotakiwa kukisoma kabla. Kinawapata wanawake wanaocheka na wasiocheka. Hakimfanyi mtu kuwa mama mbaya. Kuna mazungumzo, kuna dawa ambazo hata anayenyonyesha anapewa, na hakuna atakayekufungia mahali kokote. Huhitaji kuanzia kwangu, wala kwa Trésor. Ingia kituo chochote cha afya kilicho karibu nawe, mwambie muuguzi wa kwanza kwamba unawaza kufa, kama ndilo unalowaza, usiseme kichwa kinauma. Ukija kwetu, nenda mlango wa Ilunga. Mimi nitakuwa upande wa pili wa ua na vidonda vyangu. Sitakuja kusikiliza mlangoni, na sitamuuliza ulisema nini.

Nina hasira nawe pia, nisikufiche. Ulinishika sweta ukaachia. Kwa nini hukunipiga kofi, ukapiga kelele barabarani, ukaniambia funga mdomo Odile? Halafu nakumbuka ni nani aliyekuzoesha kukaa kimya akiongea yeye, na hasira inanirudia mwenyewe.

Ukipata simu tena, nipigie. Nitasema allô mara moja tu, ujue ni mimi, kisha nitafunga mdomo. Usiposema, tutakaa hivyo hivyo mpaka vocha iishe, na utapiga nyingine. Ukilia, lia. Kama lililoko ni kwamba humtaki mtoto, au humtaki Trésor na hukumtaka siku ile ya mbuzi, au hunitaki mimi, liseme lilivyo. Nitasikiliza mpaka mwisho. Safari hii, mdogo wangu, sina jibu lolote nililoandaa.

Naishia hapa, na simu nimeishika mkononi.

Yaya wako,
Odile